Hudi za mitumba zenye jina la mtoto na "Bar Mitzvah": kwa nini wageni wanapewa nguo?

#1 Binti_Mchikichini

Wakuu, habari za jioni.

Nauza mitumba ya baridi: masweta, majaketi, hudi (zile sweta zenye kofia). Wateja wangu ni wa Makete, Njombe, Lushoto, na wanafunzi wa Arusha. Nikikata belo la hudi kutoka Marekani sikosi kukuta zile zenye nembo safi kifuani, mara nyota, mara mpira wa kikapu, mara herufi moja kubwa, na mgongoni au mkononi kuna jina la mtoto, maneno "Bar Mitzvah" au "Bat Mitzvah", na tarehe kamili. Jina lile lile linaweza kujirudia ndani ya belo moja kwa saizi tofauti. Nyingine hazijaguswa na maji, ndani bado zina yale manyoya ya kiwandani.

Kwamba ni sherehe ya Wayahudi ya mtoto kufikisha miaka 13, hilo najua. Ninachouliza ni hiki: kwa nini nguo? Umealikwa, umekula, umecheza, halafu unaondoka na sweta lenye jina la mwenye shughuli. Dini inataka hivyo? Ni mila ya kale? Au watu wa matukio wamebuni biashara? Anayeijua kwa ndani atufungulie, maana wateja wananiuliza nami napenda mtu ajue anachokivaa.

#2 Kipusa_wa_Uyole

Nafuatilia kwa karibu. Ninayo moja ya kijani, ndiyo nguo yangu ya Julai huku Mbeya. Siku zote nilijua ni timu ya shule.

#3 Kaka_wa_Maryland

Binti, umefika penyewe. Nimehudumia kumbi za sherehe huku Maryland na shughuli hizi nimezitumikia sana.

Asubuhi mtoto yuko sinagogi. Anaitwa mbele kusoma Torati kwa Kiebrania, tena kwa ghani yake maalumu, kitu alichokifanyia mazoezi miezi na miezi. Ukumbi ni jioni. Kuna DJ na vijana wa kuchangamsha, wanalipwa kucheza na watoto ili asibaki mtu kaegemea ukuta. Kuna hora, ngoma ya duara, mtoto ananyanyuliwa juu ya kiti na wazazi wake nao wananyanyuliwa. Nyingi zina kuwasha mishumaa 13, na kila mshumaa wanaitwa watu wake: bibi, shangazi, marafiki wa kambi.

Sasa hili la nguo. Wasichana wa umri huo wamekuja na viatu virefu wasivyovizoea. Muziki ukikolea kidogo tu, viatu vyote viko chini ya meza. Kwa hiyo pembeni ya uwanja wa dansi kuna kapu la soksi zenye jina la mtoto na tarehe. Kiyoyozi ni kikali, magauni hayana mikono, basi hudi zinatolewa. DJ akitangaza kwamba sweta zimetoka, watoto wanaacha keki. Wanazivaa palepale juu ya magauni na suti, na picha za mwisho wa usiku wote wako rangi moja. Jibu langu ni baridi na miguu. Mengine yamefuata baadaye.

#4 Msomi_Taratibu

Kuhusu ukumbi sina ubishi na Kaka. Ila tutenganishe mambo.

Kidini, mtoto wa kiume wa Kiyahudi anakuwa bar mitzvah akitimiza miaka 13 hata kama siku hiyo amelala nyumbani. Sherehe haimpi hadhi hiyo, umri ndio unaompa. Mishna, mkusanyiko wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu ya Avot, inautaja mwaka wa 13 kuwa ndio wa kuwajibika kwa amri. Msichana, ambaye yeye huitwa bat mitzvah, ni miaka 12 kwa Waorthodoksi, wale Wayahudi wanaoshika sheria za kale kikamilifu. Kwa Wayahudi wa Reform, tawi la mageuzi, na wengine wengi wa Marekani ni 13 sawa na mvulana. Na msichana kuitwa hadharani ni jambo la karne iliyopita tu. Anayetajwa kuwa wa kwanza Marekani ni Judith Kaplan, binti wa Rabi Mordecai Kaplan, mjini New York, tarehe 18 Machi 1922.

Kwa hiyo hudi haimo kwenye dini. Lakini Kaka, nguo yenye jina haikuanza na kiyoyozi. Ingia sinagogi la Marekani, karibu na mlango utakuta kikapu cha kippah, vile vikofia vidogo vya Kiyahudi. Geuza kimoja uangalie bitana: jina la mtoto na tarehe, kwa chapa ya dhahabu au ya fedha. Mwanamume anatarajiwa kufunika kichwa humo ndani, wageni wengi hawaji na kofia zao, basi mwenye shughuli anaagiza za kugawa na kila mtu anaondoka na yake. Kuna nyumba zina droo nzima ya vikofia vya harusi na bar mitzvah za ukoo. Vivyo hivyo kijitabu cha sala ya shukrani baada ya chakula, jaladani kina jina na tarehe. Ukumbusho unaovaliwa mwilini ulikuwepo kabla hudi haijafikiriwa.

#5 Kaka_wa_Maryland

Msomi, kikofia kinavaliwa na kila mgeni mwanamume, hata mzee wa miaka 80. Hudi inapewa watoto. Nimegawa mwenyewe, mtu mzima akiomba anaambiwa asubiri watoto wamalize. Hapo unaunganishaje?

#6 Fundi_Skrini

Salamu kutoka New Jersey. Mimi ndiye ninayezichapa, kwa hiyo niseme la karakana.

Uchapaji wa skrini kila rangi ina fremu yake. Nembo ya rangi nne ni fremu nne, kila moja ipakwe dawa, ipigwe mwanga, ioshwe, ifungwe kwenye mashine, zote zikutane pasipo kupishana hata kidogo. Kazi hiyo ni ileile ukichapa hudi kumi au mia mbili. Ndiyo maana mzazi anayetaka hudi ishirini anashtuka kusikia bei ya moja, na anayetaka mia anaona nafuu. Anapanda hadi mia ili bei ishuke. Halafu saizi: hajui Fulani anavaa S au M, watoto wa 13 wamepishana kama ngazi, mmoja mrefu kuliko baba yake na mwingine bado mdogo kabisa. Anaagiza akiba kila saizi. Sherehe ikiisha, katoni la XL limebaki gereji. Binti, hizo zako ambazo hazijafuliwa, nyingi zimetoka kwenye katoni hilo.

Wino wetu wa kawaida unataka joto la takribani nyuzi 160 za Selsiasi ndipo ushike. Hapo kuna mtego: kitambaa chekundu cha poliesta kikipata joto, rangi yake inapanda kwenye wino mweupe na jina linageuka la waridi. Mzazi kalipia jeupe. Tuna wino wa kuzuia hilo, lakini unapaswa kujua kabla, si baada.

Maoni yangu: ni biashara imeirahisisha. Zamani kuchora nembo ilikuwa kazi ya msanii. Siku hizi mtoto mwenyewe anakuja na nembo kaichora kwenye simu, na nembo hiyohiyo iko kwenye mwaliko, kwenye keki, kwenye mwanga unaomulika sakafu ya ukumbi. Ukishakuwa na nembo, kuitia kwenye nguo ni hatua ndogo.

#7 MamaZuhura_Tanga

Mie nawasoma nashangaa mnavyohangaika. Wanangu, sisi shughuli gani haina sare? Harusi tunanunua kanga doti kwa doti, upande wa bwana rangi yao, upande wa bibi rangi yao. Ukiivaa kesho sokoni watu wanajua ulikuwa kwa nani. Hawa Wayahudi wa Marekani wametaka kitu kilekile. Mtu anapenda shughuli yake itembee baada ya yeye kukunja mkeka.

#8 Fundi_Skrini

Mama shikamoo. Kuna tofauti moja kubwa: sare ya harusi mara nyingi mgeni anainunua mwenyewe na anaingia nayo ukumbini. Hudi mwenye shughuli ndiye anayeilipia, na mgeni anaipata akiwa anatoka au karibu na kutoka. Ya kwanza inasema nakuja kwako. Ya pili inasema nilikuwapo.

#9 MamaZuhura_Tanga

Marahaba baba. Hapo umesema neno. Lakini "nilikuwapo" si ndiyo lenyewe?

#10 Mlima_Elgon

Nimeona kikofia kimetajwa nikasema niingie. Niko Mbale, Uganda. Hapa kwetu tuna Wayahudi wenyewe, Abayudaya, jumuiya iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919. Kiongozi wao Rabi Gershom Sizomu alisomea urabi Los Angeles akatawazwa 2008. Ukipanda kilima cha Nabugoye utakuta sinagogi lao.

Kinachohusu uzi: akina mama wa Abayudaya wanafuma vikofia vya kippah kwa uzi wa rangi, na shirika la Kulanu la Marekani limekuwa likiviuza huko. Kuna familia za Marekani zinavichukua kwa ajili ya bar mitzvah ya mtoto wao, wageni wavae kitu kilichofumwa na Wayahudi wa Afrika. Kwa hiyo wakati Binti anapokea hudi kutoka kwenye sherehe hizo, sisi huku tunapeleka vikofia kwenye sherehe zilezile.

#11 Binti_Mchikichini

Mlima, hili sikulijua kabisa. Ahsante sana.

#12 Nyundo_Nzito

Si ndiyo maana Wazungu walitaka kuwapa Wayahudi Uganda mwaka 1903. Walijua kuna Wayahudi tayari huko.

#13 Msomi_Taratibu

Nyundo, hapana. Jumuiya ya Abayudaya ni ya 1919, miaka kumi na sita baadaye, hazihusiani. Na ardhi iliyopendekezwa 1903 inaitwa "mpango wa Uganda" lakini ilikuwa nyanda za Uasin Gishu, ambako leo ni Kenya, upande wa Eldoret. Wazayuni, yaani Wayahudi waliotafuta nchi yao wenyewe, walituma watu kuikagua, na Kongamano lao likaukataa mpango huo 1905. Turudi kwenye nguo.

#14 Nyundo_Nzito

Sawa mwalimu. Ila Eldoret ina baridi, hudi zingewafaa.

#15 Mama_Watatu

Nimesoma hadi hapa na naona mmeiacha Jumatatu. Ngoja niwaambie Jumatatu.

Naishi Minnesota, watoto wangu wamesoma shule ya kati yenye Wayahudi wengi. Darasa la saba mwaka mzima ni bar mitzvah na bat mitzvah, karibu kila wikendi ina mtu. Jumamosi sherehe, Jumatatu asubuhi nusu ya darasa inashuka kwenye basi na hudi za rangi moja. Hakuna anayehitaji kuuliza nani alialikwa. Wamevaa orodha ya wageni mwilini. Na aliyebaki na koti lake la kila siku naye anaonekana, anaonekana sana.

Binti yangu wa kwanza aliachwa kwenye ya msichana aliyekuwa akila naye kila siku. Hakulia. Aliomba tu nimnunulie hudi ya rangi ile, yoyote, hata isiyo na maandishi. Sikujua nimjibu nini. Wa pili yeye alialikwa nyingi, na hudi moja ameivaa mpaka mikono imechakaa kwa sababu ilikuwa ya rafiki yake wa karibu na alimsikia akisoma Torati bila kukosea. Kwa huyo ile nguo ina maana tele. Kwa hiyo nguo ni ileile, na nyumbani kwangu nimeona pande zote mbili.

Kuna masinagogi na shule huku yanayowaomba wazazi waalike darasa zima au wasigawe nguo za kuvaliwa shuleni. Wengine wanawaambia watoto waziwazi: ya sherehe ivae nyumbani. Wazazi wengi wanalijua hili na linawaumiza. Wengine wanalijua na wanaagiza tu.

#16 Kaka_wa_Maryland

Mama Watatu, pole kwa binti. Nimewahi kumsikia mzazi akimwambia mpangaji wa sherehe kwamba zitolewe mlangoni, mtoto akishatoka, ndani ya mfuko uliofungwa. Nikadhani ni kuepuka vurugu. Kumbe pengine alikuwa anafikiria hiyo Jumatatu.

#17 Kipusa_wa_Uyole

Sasa naanza kuiangalia hudi yangu kwa jicho jingine. Mimi naivaa hapa Uyole na sikualikwa.

#18 MamaZuhura_Tanga

Ivae mwanangu. Umeilipia, baridi ni yako.

#19 Mwamba_Halisi

Mimi niseme bila kuzunguka: huu ni ubadhirifu. Mtoto wa miaka 13 anafanyiwa sherehe ya hoteli na kuchapishiwa nguo mia! Hivi wazee wao wa dini wako wapi?

#20 Msomi_Taratibu

Mwamba, wazee wao wamelisema hilo kwa miaka mia nne na zaidi. Jumuiya ya Kraków, Poland, mwaka 1595 iliweka kodi kwenye karamu za bar mitzvah ili zisipite kiasi. Rabi Moshe Feinstein, mmoja wa wanasheria wakubwa wa Kiorthodoksi wa New York, aliandika katika miaka ya 1950 kwamba angekuwa na uwezo angeifuta sherehe ya bar mitzvah jinsi inavyofanywa Marekani, kwa kuwa hakuona imemleta yeyote karibu na Torati. Hiyo ni kabla ya DJ na hudi.

Na kuna njia nyingine ya kujibu. Mwaka 1985 Leonard Fein alianzisha Mazon, shirika la kupambana na njaa, likiwaomba Wayahudi watenge asilimia 3 ya gharama za sherehe zao kwa ajili ya wenye njaa. Siku hizi pia watoto wengi wanapewa kazi ya hisani ya kufanya kabla ya siku yao: kukusanya vyakula, vitabu, na hata nguo. Kwa hiyo kuna mtoto anayekusanya makoti ya kuwapa wasio nayo, na wiki hiyohiyo anachapisha hudi za kuwapa walio nazo. Sisemi kwa kumkejeli. Wazazi wanavutwa na vyote viwili, na vyote wanavitenda kwa moyo.

#21 Fundi_Skrini

Niongeze juu ya ugomvi wa Kaka na Msomi, kikofia au baridi. Naona wote mmeruka shule na kambi.

Hudi si vazi la Kiyahudi, ni vazi la michezo la Marekani. Kampuni ya Champion, iliyoanzishwa na familia ya Feinbloom huko Rochester, New York, mwaka 1919, ndiyo iliyojijenga kwa kuuza sweta zenye jina la chuo kwa wanafunzi. Toka hapo kijana wa Kimarekani anajua: ukiwa wa timu, jina la timu liko kifuani. Halafu kuna kambi za kiangazi. Watoto wengi wa Kiyahudi wa New York na New Jersey wanapelekwa kambi za wiki nyingi huko Pennsylvania, Maine, milima ya Catskills. Kambi zina siku za mashindano ya rangi, kambi nzima inagawanywa timu mbili, kila timu na fulana zake. Mtoto anayerudi kutoka kambini ana fulana tele zenye jina na mwaka. Miezi michache baadaye ni bar mitzvah yake. Anachotaka? Fulana yenye jina na mwaka. Hapo unapata jibu la swali la Kaka, kwa nini watoto wanapewa na wazee hawapewi: ni desturi ya watoto, imetoka kwa watoto.

#22 Nyundo_Nzito

Wayahudi wa New York si walikuwa mafundi nguo? Mimi naona ni urithi wa cherehani.

#23 Msomi_Taratibu

Historia hiyo ni ya kweli. Wahamiaji wa Kiyahudi walijaa kwenye viwanda vya nguo vya New York mwanzoni mwa karne ya 20. Katika moto wa kiwanda cha Triangle, tarehe 25 Machi 1911, walikufa watu 146, wengi wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitalia. Lakini kutoka huko hadi hudi ya sherehe ni mwendo mrefu, Nyundo, na hudi za leo zinashonwa Honduras na Bangladesh. Sioni daraja.

#24 Nyundo_Nzito

Daraja ni kwamba mwenye kiwanda anajua bei ya jumla. Mjomba mwenye kiwanda kwenye ukoo, nguo za sherehe zinakosekanaje? Babu yangu alikuwa na shamba la minazi, hakuna shughuli ya kwetu iliyokosa madafu.

#25 Fundi_Skrini

Hili la Nyundo msilitupe haraka. Wateja wangu wa zamani kabisa huja kwa kumjua mtu wa kitambaa.

#26 Swali_Dogo

Samahani wakuu, mimi ni Msabato na nasoma sana Agano la Kale. Kumbukumbu la Torati 22:11 inakataza nguo iliyochanganywa sufu na kitani. Hudi zina mchanganyiko. Wanavaaje?

#27 Msomi_Taratibu

Swali zuri. Katazo ni la sufu na kitani pamoja, hizo mbili tu. Hudi ya kawaida ni pamba na poliesta, haihusiki. Tena Hesabu 15:38 inaagiza vishada kwenye pembe za nguo, na Wayahudi wanaielewa kuwa nguo yenye pembe nne. Hudi haina pembe nne, kwa hiyo haidai vishada.

Ukitaka vazi la dini la siku ile, ni taliti, shela la sala lenye vishada hivyo. Katika masinagogi mengi ya Marekani mtoto analivaa mara ya kwanza siku yake, na mara nyingi limetoka kwa babu au limenunuliwa na babu. Kuna jumuiya za Kiorthodoksi ambazo mwanamume halivai hadi aoe. Waorthodoksi wanaanza pia kufunga tefilini, vile vijisanduku vya ngozi vyenye maandiko. Hayo ni ya mtoto mwenyewe, hayagawiwi mtu.

#28 Mlima_Elgon

Na hapa Nabugoye niliyoiona mwenyewe hakukuwa na hudi. Kulikuwa na kuku, wali na nyimbo za Zaburi kwa Luganda, na watoto wa vijiji vya jirani wote walikula, Waislamu na Wakristo. Aliyetoka na kitu alitoka na chakula.

#29 Gikomba_Kamera

Wadau, nimechelewa lakini hii ni laini yangu. Hapa Gikomba, soko la mitumba la Nairobi, hudi za bar mitzvah ziko. Safi tunaita kamera, zilizochoka ni fagia. Zikija hazijavaliwa zinaingia kamera moja kwa moja, hata kama mgongoni kuna jina la mtu, kwa sababu kitambaa ni kizito.

Njia yake ni hii. Mtoto ameenda chuo, mama anasafisha chumba. Nguo zinapelekwa kwa mashirika ya hisani, yanajaribu kuziuza dukani. Zisipotoka, zinauzwa kwa kilo kwa wachambuzi. Wengine wanachambulia hukohuko, wengine wanapeleka Uarabuni au India, ndiyo zinafungwa mabelo ya kilo 45 na kuja Mombasa. Rwanda wao walipandisha ushuru wa mitumba 2016, kutoka senti 20 za dola hadi dola 2 na nusu kwa kilo, na 2018 Marekani ikawaondolea nafuu ya kuuza nguo huko bila ushuru. Kwa hiyo hudi ya mtoto wa New Jersey ilishawahi kuwa jambo la mabalozi.

Sasa kwa ubishi wenu. Kuna vijana hapa wanatafuta fulana za zamani, zile za mshono mmoja kwenye pindo. Nimewauzia fulana za bar mitzvah za miaka ya 1980. Nyembamba, mikono mifupi, nembo ya rangi moja, jina na tarehe. Fulana, si hudi.

#30 Msomi_Taratibu

Kaka, umesikia? Fulana nyembamba ya mikono mifupi. Hapo hakuna baridi ya ukumbi.

#31 Kaka_wa_Maryland

Nimesikia, na bado nasema hudi imeishinda fulana kwa sababu ya baridi. Ukimpa mtoto wa 13 achague, anachukua kile atakachovaa usiku huohuo. Nilichokiona ukumbini siwezi kukifuta.

#32 Fundi_Skrini

Na rangi moja ya miaka ya 80 ni ushahidi wangu pia. Fulana za kambi zilikuwa hivyohivyo.

#33 Mama_Watatu

Nyote mnatafuta ilianzaje. Mimi nauliza kwa nini haiishi, na wazazi wengi wanajua inaacha watoto nje. Nilimuuliza jirani yangu, mama mwenye moyo sana. Akaniambia mwanawe alikuwa mtoto mpweke, na alitaka wiki moja tu aone jina la mwanawe kwenye migongo ya wenzake. Nilikaa kimya. Naye ana haki.

#34 MamaZuhura_Tanga

Huyo mama nimemwelewa kuliko wote.

#35 Binti_Mchikichini

Nashukuru sana, mmenipa zaidi ya nilichoomba. Niseme la sokoni: zinazotoka haraka ni zenye nembo ndogo kifuani na maandishi mkononi tu. Zenye jina kubwa mgongoni zinakaa, labda aje mtu wa baridi kali asiyejali. Na naona mabelo ya karibuni hizo za nembo ndogo zimeongezeka. Fundi, ni kweli au bahati yangu?

#36 Fundi_Skrini

Ni kweli. Wazazi wanasema wanataka nguo itakayovaliwa tena, kwa hiyo jina linapungua na wakati mwingine linabaki herufi za mwanzo. Mama Watatu huenda akafurahi: nembo ndogo haipigi kelele Jumatatu.

#37 Mama_Watatu

Watoto wanaijua hata ikiwa ndogo kama kifungo, Fundi. Rangi tu inatosha.

#38 Mwamba_Halisi

Binti, tupia picha za zile za zamani zaidi ulizonazo tuone kama zipo za kabla ya 1980. Ubishi wa kikofia na kambi utapata mwanga.

#39 Binti_Mchikichini

Nitatafuta nikikata belo lijalo. Nitafunika majina, hao watoto leo ni watu wazima.

#40 Fundi_Skrini

Ukipata, usiangalie tarehe peke yake, maana fulana inaweza kuchapwa upya. Angalia pindo kama mshono ni mmoja au miwili, soma lebo ya shingoni imeshonwa nchi gani na ni pamba tupu au nusu kwa nusu, kisha pitisha kidole juu ya wino uone kama umepasuka kama udongo mkavu au umezama kwenye kitambaa. Piga picha ya lebo kwa karibu. Gikomba naye afanye hivyo kwa zake kabla hajawauzia hao vijana.